Swali la Saba

3 Machi

Mwanangu Kwanini,

Hujambo? U mzima? Masomo yanakwendaje? Sisi huku hatujambo. Na kabla hujaikunja barua hii ukaiweka kando kwa kuwa umeshasikia hatujambo, nakuomba uisome mpaka chini, maana safari hii neno hilo limetuponza.

Nimeshika kalamu kwa sababu simuni ungeniwahi. Ungesema, "Mama Mdogo, tulia," nami ningetulia, na sitaki kutulia. Tena karatasi ndiyo iliyotupiga, basi najibu kwa karatasi.

Jana asubuhi tuliingia kazini, tukakuta msimamizi amebandika ukurasa kwenye ubao, pale tunapovulia viatu na kuvaa mabuti. Mhuri wa chuo chenu juu, jina lako chini. Aliyetusomea ni yule mkunja mashuka mrefu, aliyekupa kiti chake siku ulipokuja kutuhoji. "Kati ya wafanyakazi arobaini na sita wa dobi ya hospitali, arobaini na mmoja walieleza kuwa afya zao ni nzuri na kazi haiwadhuru." Akasoma tena, akidhani macho yanamdanganya. Chini yake msimamizi kaandika kwa kalamu nyekundu: ombi la kuzibua madirisha na kufunga feni halina msingi, kamati ya hospitali italifuta rasmi tarehe 20 Aprili.

Kwanini, chumba kile unakijua. Kipo chini kabisa ya jengo, na madirisha yake yalizibwa kwa matofali walipojenga stoo. Mvuke wa mashine na ile dawa ya madoa ya damu havina pa kutokea ila kwenye mapua yetu. Miaka miwili tunaomba tundu la hewa. Wakubwa wakasema subirini utafiti. Siku niliposikia mtafiti mwenyewe ni wewe, nilicheza pale pale kwenye maji ya sabuni! Niliwaambia wenzangu, huyu ni mwanangu, mfungulieni moyo, msimfiche kitu.

Unamkumbuka Kengele? Jina tulimpa kwa sauti yake, akiita kutoka mashine ya kwanza, mpiga pasi wa mwisho anageuka. Siku hizi anafungua mdomo na hakitoki kitu. Anakohoa mpaka anashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili.

Jana wakati wa chai hakuna aliyekaa kwenye benchi langu. Watu arobaini na tano, na mimi peke yangu na kikombe.

Nijibu jambo moja tu. Ulitusikia au hukutusikia?

Mama yako Mdogo


15 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na wote nyumbani. Mimi ni mzima, nashukuru.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nakuambatishia ripoti yote ili uone mwenyewe kwamba sikutunga kitu. Watu wote niliwauliza maswali yale yale ishirini, kwa maneno yale yale. Swali la saba lilisema: "Habari za afya yako hapa kazini?" Majibu yalikuwa matatu: nzuri, wastani, mbaya. Arobaini na mmoja walisema nzuri, au sijambo, au namshukuru Mungu. Ulitaka niwasemee mengine?

Mwalimu wangu ana msemo wake: mtafiti akifika mlangoni, mama yake anamwacha nje. Mwanzoni nilicheka, kisha nikaelewa. Mvuke niliuona. Vidole vyako vilivyochunika nimevijua tangu utoto. Lakini ningeandika nilichokiona, watu wangesema huyu anamtetea mamaye, na ripoti nzima ingetupwa. Ndiyo maana nilijibana kwenu kuliko ambavyo ningejibana kwingine. Nilikuwa mkali kwenu kwa sababu nawapenda.

Hasira zako naziheshimu, ila sayansi haina hasira, Mama Mdogo. Haina upande. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli hata ikiuma. Nimesema, na imeuma. Mwezi wa sita wananipa shahada yangu, na kiti chako cha mbele nimeshakiandikisha.

Mpe pole Kengele.

Mwanao,
Kwanini


24 Machi

Mtafiti,

Hujambo.

Ripoti nimeipata, kurasa tisini na mbili. Nimeisoma na mkunja mashuka, yeye akisoma, mimi nikifuata kwa kidole, siku nne mfululizo. Tulipofika ukurasa wa tisa akaufunika kwa kiganja. Nikamwambia soma. Akasema dada, ruka huu. Nikamwambia soma bwana! Akasoma.

"Mtafiti hana uhusiano wowote na wahojiwa."

Ala! Huna uhusiano? Nani alikuchukua una miaka sita, dada yangu hajamaliza hata wiki kaburini, umeshika begi la nguo mbili na unauliza "kwa nini, kwa nini" mpaka mtaa mzima ukakupa jina? Nani alilala chini ili wewe ulale kitandani? Vitabu vyako vyote vilinukia dawa ya madoa kwa sababu mikono iliyovifunika majalada ndiyo hiyo hiyo iliyofua. Leo hatuna uhusiano. Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu, na wewe umekataa kwa mhuri.

Unasema sayansi haina upande. Haya, nieleze mimi mfua nguo. Nani alichagua maswali ishirini? Upepo? Nani aliamua kwamba majibu ni matatu, si thelathini? Nani alikubali tuhojiwe pale mlangoni pa chumba cha pasi, msimamizi amesimama hatua nne, anajifanya anahesabu foronya? Ulichagua, Kwanini. Kila ulipochagua ulikuwa na upande, na upande wenyewe haukuwa wetu. Usinijie hapa na mikono myeupe ukasema haikugusa kitu.

Halafu hilo swali lako la saba. Mtu akikuuliza habari za afya, unasemaje? Hata aliyefiwa ukimuuliza habari anasema nzuri, ndipo anashusha pumzi anakueleza msiba. Hiyo si habari, hiyo ni kufungua mlango! Mgeni kutoka mwezini angekosea, nikamsamehe. Wewe umelelewa na salamu. Kila siku ukitoka shule nilikuuliza habari za shule, ukasema nzuri, na nguo imechanika na pua inatoka damu. Je, niliandika "nzuri" nikaenda zangu kupika? Nilikaa nikasubiri.

Mtoto anayeitwa Kwanini, maswali ishirini, na hata moja halina kwa nini.

Kengele wamemlaza tangu juzi, ghorofa ya tatu, jengo hili hili. Analalia mashuka aliyoyafua mwenyewe.

Kamati inakaa tarehe 20 Aprili, saa nne asubuhi. Sitaki pole zako. Nataka uje usimame mbele yao useme ulichokiona.

Mhojiwa Namba 14
(mwanamke, miaka 52, mashine ya tatu, ukurasa wa 61)


10 Aprili

Kwanini,

Siku kumi na saba. Hata mdai anajibiwa upesi kuliko mimi.

Sikuulizi hali. Nikikuuliza utasema nzuri.

Leo mpiga pasi mmoja, binti mdogo tu, kaniuliza mbele ya watu kama nililipwa niwaambie wafunguke. Nimemtazama, nikageuka nikaendelea kukamua shuka. Miaka ishirini na mitatu nipo pale, na sijawahi kumpa mtu mgongo.

Zimebaki siku kumi.

Mama yako Mdogo


13 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sitauliza hali na sitakuambia yangu.

Kwanza nilikasirika. Acha niseme, maana wewe umesema yako. Nilikasirika kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa dobi. Shuleni walinusa madaftari yangu wakaziba pua, hukuwahi kujua hilo. Nilipofika chuo nikakuta mahali ambapo mtu anaweza kuingia chumbani bila kwao, bila harufu, akawa jicho tu. Nilipenda, Mama Mdogo! Ukurasa wa tisa sikuuandika kwa kudanganya kamati. Niliuandika kwa sababu kwa siku moja nilitaka uwe kweli. Najua hilo linakuumiza kuliko uongo wenyewe.

Nilikaa siku kadhaa nikikuandikia barua za matusi ya heshima na kuzichana. Ndipo nikatoa zile kanda za sauti nizisikilize, nipate ushahidi wa kukufunga mdomo.

Nilianza na Kengele. "Sijambo binti yangu, ila hii dawa..." Halafu inakuja sauti yangu, laini, ya mtangazaji wa redio: "Asante. Swali la nane." Nikamsikiliza mkunja mashuka. "Nzuri, ila tangu wazibe..." "Asante. Swali la nane." Nikaendelea mpaka wa mwisho. Katika wale arobaini na mmoja, thelathini na sita walisema ila, au lakini, au tatizo ni moja tu. Thelathini na sita niliwakata. Hakuna aliyeniamuru. Karatasi ilikuwa na visanduku vitatu, na ila haikuwa na kisanduku.

Namba kumi na nne niliiacha mwisho. "Sijambo mwanangu, tunashukuru, ila..." Kisha unavuta pumzi. Kisha mimi. Asante. Swali la nane.

Nimeirudia pumzi ile sijui mara ngapi. Ulitaka kusema nini?

Jana nilimwendea mwalimu wangu. Hakupandisha sauti. Alisema ukisahihisha swali la saba utalazimika kusahihisha ukurasa wa tisa, na ukisahihisha ukurasa wa tisa huna shahada. Akanishauri nipumzike.

Sijui nitafanya nini. Nakuandikia kweli hiyo, kwamba sijui.

Mwanao


21 Aprili

Kwanini,

Hujambo? Nimerudi kukuuliza, shukuru.

Jana saa nne tuliingia kumi na wawili, na magauni ya kazi, makusudi. Kila mlango ulipolia niligeuka. Mara ya tatu aliingia mtu wa posta.

Mwenyekiti wa kamati kafungua bahasha akasoma barua yako. Umeandika vizuri, sikunyimi haki yako. Uliandika uliwakata watu thelathini na sita. Uliandika ukurasa wa tisa ni uongo, kwamba mhojiwa namba 14 ndiye aliyekulea, na kwamba jibu lake hujalisikia mpaka leo. Binti wa pasi aliyenitukana alinishika mkono chini ya meza.

Sasa sikiliza walivyofanya. Mwenyekiti kavua miwani, kasema: "Kumbe mtafiti ni mtoto wa mfanyakazi. Basi utafiti wote umechafuka, hauwezi kuaminika." Ebo! Nikasimama. Nikamwambia bwana mkubwa, utafiti ulipokuwa unasema sisi wazima mliupigia mhuri mkaubandika ukutani, hamkumuuliza mwenyewe ni mtoto wa nani. Leo unasema tunaumwa, ndipo mmekumbuka kwamba ana mama? Msimamizi kaniambia nikae. Nikamwambia nimekaa miaka ishirini na mitatu, leo miguu imegoma.

Wameahirisha miezi miwili. Watatuletea mtafiti mwingine, "asiye na ndugu hapa." Matofali yapo pale pale.

Na wewe nina hasira nawe bado, usijidanganye. Nilikuambia uje usimame. Ukatuma karatasi! Umejifunza lini kumpiga mtu kwa karatasi na kumponya kwa karatasi? Najua umepoteza shahada. Nililia kwa ajili yake nikiwa nakunja, nikafuta machozi kwa foronya ya watu. Lakini kulia kwangu hakujazibua dirisha.

Tulimpelekea Kengele habari wodini. Sauti haipo kabisa sasa, anaandika kwenye daftari. Tulimwambia anakuja asiye na ndugu. Akacheka bila sauti, mabega yanatikisika, akaandika, nami nimeichomoa karatasi hiyo daftarini nakutumia, isome kwa mwandiko wake mwenyewe:

"Asiye na ndugu akitukosea tutamshika wapi? Mleteni Kwanini. Huyo kwao tunakujua."

Wenzake wote wamekubali. Si kwa kukupenda, usivimbe kichwa. Wanataka aulize mtu ambaye wanaweza kumfuata mpaka mlangoni kwake.

Lile ulilouliza, nilitaka kusema nini, sikujibu. Swali la kweli haliulizwi ndani ya barua ya kujuta. Liulize vizuri.

Mama yako Mdogo


4 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mwambie Kengele karatasi yake nimeibandika ukutani, mahali ambapo ningebandika shahada.

Chuo kimenifuta kwenye orodha ya mwezi wa sita. Naruhusiwa kuanza upya mwakani, kwa mwalimu mwingine, kama atapatikana wa kunitaka. Sisubiri. Nakuja tarehe 18, na nitakaa mwezi mzima. Sitahoji mlangoni pa chumba cha pasi. Nitavaa mabuti, nitakaa mashine ya tatu, na nitauliza tukiwa tunafua. Mwenyekiti nimemwandikia, hajajibu. Hata akikataa nitawahoji nyumbani kwenu, mmoja mmoja, na nitapeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, na kusimama. Ukurasa wa kwanza kabisa nitaandika mimi ni mtoto wa nani, ninachotaka ni nini, na nimewahi kukosea wapi, ili msomaji anipime akijua.

Nimeandika karatasi mpya ya maswali na naanza na wewe. Visanduku sikuchora. Chini ya swali la saba nimeacha kurasa tatu tupu.

Uhusiano wako na mtafiti: ..............

7. Habari za afya yako hapa kazini? Na kwa nini?

Nasubiri.

Kwanini


12 Mei

Uhusiano wako na mtafiti: Mama.

(Neno "mdogo" nilikuwa nimeliandika, nikalikata. Usiliandike tena.)

7. Sijambo mwanangu, tunashukuru, ila nimekudanganya.

Siku ile msimamizi alikuwepo, ni kweli, na wewe ulinikata, ni kweli. Lakini unazo barua zangu zote nilizokuandikia tangu mwaka jana mpaka ile ya tarehe 3 Machi, na kila moja inasema hatujambo. Hakuna aliyenikata humo. Nimekutukana miezi miwili kwa neno ambalo mimi ndiye niliyekupa mkononi, na hasira hiyo sasa inanirudia, haina pa kwenda.

Tangu mwezi wa kumi na moja nalala nimekaa. Naweka mito mitatu mgongoni, nikilala chali kifua kinafunga. Kupanda ngazi kutoka chumba cha dobi mpaka juu ni ngazi ishirini na mbili, na mimi napumzika mara mbili, najifanya nafunga kamba za buti. Mkunja mashuka anajua. Anasimama na yeye anajifanya anafunga zake, na mabuti yetu, kama utakavyoona, hayana kamba.

Daktari wa pale juu aliniambia mwezi wa pili, kabla ukurasa wako haujabandikwa. Kasema kinachomla Kengele ndicho kilichoanza kwangu. Akaniambia niache kazi ile. Nikamwambia nina mtoto chuoni anamalizia, mwezi wa sita nakwenda kukaa kiti cha mbele, nikishakaa nitaacha. Usiyachukue haya ukajipiga nayo kichwani. Nakuambia ili uyaandike.

Umeuliza kwa nini. Kwa sababu mtu mmoja alipoona stoo ni muhimu kuliko dirisha hakuulizwa na mtu kwa nini. Kwa sababu dawa ile chupa yake imeandikwa itumike penye hewa, tunayo, nimeibandua karatasi yake, nitakupa uitie kwenye ripoti yako. Kwa sababu kila tukiulizwa hali tunasema nzuri, na wao wanajua tunavyosalimiana, ni watu wa hapa hapa, mama zao wamewafundisha salamu kama nilivyokufundisha. Wanajua mlango umefunguliwa. Hawaingii makusudi.

Kengele kafariki juzi, Jumapili mchana. Sikutaka kukuambia kwa simu. Mashuka yake nimeyafua mwenyewe, sikumwachia mtu. Namba yake kwenye ripoti yako ni tisa. Mfute kwenye arobaini na mmoja. Alisema sijambo ila, na lile ila lake sasa limemaliza kusema.

Kurasa tatu hazikutosha, nimeongeza za kwangu, zipo sita nyuma ya hii. Njoo na mabuti ya namba yako, yaliyopo ni makubwa. Ukifika utanikuta mashine ya tatu. Kaa chini, washa hicho kidude chako cha sauti, na uniache nivute pumzi kwanza, maana siku hizi inachukua muda.

Na usiende swali la nane. Bado sijamaliza.

Mama